Kopo la Fundi Chengo na Mashine ya Mawimbi

Nyinyi mnaoingia karakana mwaka huu, na ovaroli ambazo bado zina mikunjo ya dukani, nawaonea wivu. Nasema wazi, wivu mtupu. Mimi nimestaafu, nakaa Utange na kuku wangu, na magoti yananikumbusha kila sakafu ya zege niliyopiga magoti juu yake. Lakini nikisikia boya jipya linateremshwa majini kule Likoni, natafuta viatu. Nitavuka feri siku hiyohiyo, mvua inyeshe isinyeshe, na mtaniona nimesimama nyuma yenu nikinyoosha shingo.

Jina langu Kadzo, ingawa wengi waniita Mama Sidi. Kazi yangu ilikuwa kuchomelea chuma. Nimeunga mageti, matangi, ngazi za meli, hata viti vya kanisani kwetu ambavyo mpaka leo mchungaji hataki vibadilishwe. Na mwisho wa kazi yangu nikaunga mashine inayotoa umeme kwenye mawimbi ya bahari. Hiyo ndiyo nataka kuwasimulia, kwa sababu nusura niizike mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa adabu zangu nzuri.

Lakini kwanza kopo. Mmeliona pale kwenye rafu, kopo kubwa la maziwa ya unga lililoliwa na kutu, na najua mmeshaulizana kwa nini halitupwi. Lilikuwa la Fundi Chengo, aliyenifundisha kazi huko Changamwe nilipokuwa msichana mwembamba anayeogopa cheche. Alikuwa Mrabai mfupi, mkali wa macho, mpole wa mdomo. Kwake hakikutupwa kitu kilichovunjika. Boli likikatika, mshono ukipasuka, kipande kinafungwa kitambaa chenye jina la aliyekifanya, kinatiwa koponi. Ikifika Desemba, kabla ya kufunga kazi, anapika pilau mwenyewe kwenye sufuria kubwa, analimwaga kopo mezani, na kila mmoja achukue chake aeleze kilivunjikaje. Ukidanganya hupati nyama.

Mwaka wangu wa kwanza nilisema boli langu lilikuwa bovu tangu dukani. Fundi Chengo akalitazama, akanitazama, akanipakulia wali mtupu.

"Mwanangu," akasema, "hili uliling'ang'aniza kwa spana kubwa kuliko kipimo chake. Kula taratibu, mwakani utasema kweli."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwaka uliofuata nilisema kweli na nikapata paja zima. Fundi Chengo alipofariki, mkewe alinipa kopo lile, nami nikalivusha mpaka karakana yetu ya Likoni, pale chini karibu na maji. Pilau ya Desemba tukaendelea nayo, ingawa yangu haijawahi kufikia yake.

Sasa mashine. Siku Injinia Muthoni alipokuja kutueleza habari ya umeme wa mawimbi, nilicheka. Msichana wa bara, ametoka kwao kwenye mashamba ya chai, anakuja kutufundisha watu wa Pwani kwamba bahari ina nguvu! Nikamuuliza kama mawimbi nayo yataanza kuomba likizo. Hakukasirika. Alichukua pipa la plastiki tulilokuwa tukiwekea maji, akalifunga kamba na pampu ya baiskeli, akatupeleka ufukweni. Pipa likapanda, likashuka, na kila likipanda pampu ikapuliza upepo usoni mwangu. Puh! Puh! Nilisimama pale maji yakiwa magotini, mwanamke mzima mwenye wajukuu, napuliziwa na bahari, na nikashindwa kufunga mdomo kwa furaha. Tangu siku hiyo nikawa wa mashine.

Mashine yenyewe haikuwa na uchawi. Boya la chuma linaelea nje ya mwamba, kule mawimbi hayajavunjika. Linapopanda linavuta mkono wa chuma, mkono unasukuma pampu, pampu inasukuma mafuta mazito, na mafuta yanazungusha jenereta. Waya mnene unapita chini ya maji mpaka ufukweni, kwenye mtambo wa barafu wa akina mama wauza samaki. Waliochagua barafu walifikiria vizuri, kwa sababu umeme ukipotea Likoni wa kwanza kulia ni mwenye samaki.

Mtu mmoja aliuliza siku ile, mbele ya wote, kwa nini serikali itoe fedha za umma kwa jambo hili badala ya kumwachia tajiri mmoja akajaribu. Muthoni akajibu hivi: "Mimi nilienda benki. Waliniuliza, hii mashine imeshapitia pepo za kusi ngapi baharini? Nikasema hata moja. Wakanirudishia karatasi zangu. Sasa nitapitiaje kusi na sina mashine?"

Hapo ndipo fedha za umma zinapoingia. Mfuko wa serikali ulitoa kwa awamu. Awamu ya kwanza, jengeni moja, itieni majini, muone bahari itaifanya nini. Mkirudi na majibu ya kweli, mnapata ya pili. Mwisho wa yote mashine isimame kwa miguu yake, ipate wateja wanaolipa wenyewe, na mfuko uende kusaidia mwingine. Nililielewa kwa njia ya jikoni. Anayejifunza mahamri lazima aunguze ya kwanza, na ya pili yatoke magumu kama mawe. Mwenye duka la mahamri hatakupa unga wake ukaunguze. Lazima unga huo atoe mtu anayetaka mtaa mzima uwe na mahamri.

Nililielewa, naam, kisha siku ilipofika nikasahau kabisa.

Tulilijenga boya wakati wa mvua za masika. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hili litawafaa kesho asubuhi. Vijiti vya kuchomelea vimevikwa unga mgumu, na unga huo hunyonya unyevu. Hewa yetu ya Likoni ni maji matupu. Kijiti kikinyonya unyevu, mshono utauona mzuri, unang'aa, umelala vizuri, na ndani yake umeshabeba ufa ambao utajitokeza baada ya siku nyingi. Vijiti hukaushwa kwenye tanuri lake, na huchukuliwa vichache vichache vikiwa na moto wake. Tanuri letu lilikuwa limekufa muda mrefu. Sisi tulikuwa tukisubiri jua litoke, tunavitandaza juu ya bati, kama tunavyoanika mihogo. Miaka yote ile ilitosha. Geti halipandi na kushuka. Geti likipata ufa, mwenye nyumba hajui mpaka anakufa na kumrithisha mwanawe.

Lakini mkono wa boya unapindwa na bahari maelfu ya mara kila siku. Nami nikauunga kwa vijiti vilivyokaushwa juu ya bati, kati ya mvua moja na nyingine, nikapiga mluzi.

Boya likaingia majini, kusi ikaja, na kwa majuma kadhaa tulikuwa watu wa sherehe. Barafu ilitoka! Kidogo tu mwanzoni, vipande vya kutosha ndoo chache, lakini ilitoka. Kisha nguvu ikaanza kushuka. Muthoni alikuwa na kompyuta yake inayopokea hesabu kutoka kwenye boya, na mstari wa nguvu kwenye kioo chake ulishuka kila juma kidogo kidogo. Hakujua kwa nini, maana bahari ilikuwa imechafuka na hapakuwa na mzamiaji aliyeruhusiwa kwenda kutazama. Kusi ilipotulia, mfuko ukasema utaleta watathmini. Muthoni akasafiri Nairobi kuwachukua, akatuagiza tulivute boya nchi kavu, wageni waje walione Alhamisi.

Tukalivuta Jumanne. Wanangu, lilikuwa linatisha! Limejaa makombe, yale magamba madogo makali yanayoshika kwenye kila chombo kinachokaa majini, na mwani umening'inia kote. Lilinuka. Nikamtazama Salim, mpaka rangi wetu, mtu wa Likoni wa kuzaliwa, na Salim akanitazama.

"Mama Sidi," akasema, "wageni waje watukute hivi? Wallahi itakuwa aibu. Watasema hawa watu hawana hata mfagio."

Nanyi ni watu wa Pwani, mnajua. Mgeni anakuja, unafagia, unatandika shuka safi, unatoa vikombe vya kabatini. Tulikwangua siku mbili mfululizo. Makombe yalijaza magunia mawili, nami nikakataza yasitupwe, maana yakipondwa ni chakula kizuri cha kuku, mayai yanakuwa na ganda gumu. Gunia la kwanza nikavuka nalo jioni ya kwanza mpaka Utange, na kila mtu kwenye feri akanikalia mbali.

Tulipomaliza kukwangua, nikauona. Ufa mwembamba kama unywele, kwenye shina la mkono, kando kabisa ya mshono wangu. Nikaugonga kwa nyundo, chuma kikaitika vibaya. Basi mkono ndio uliokuwa unalegea kila wimbi, na pampu haivuti sawasawa. Nilifanya nini? Nilikikata kipande kile, nikafungua pakiti mpya ya vijiti, nikaunga kingine, nikapiga grainda mpaka pakawa laini. Kipande chenye ufa nikakifunga kitambaa, nikaandika Kadzo, nikakitupa koponi. Mkono wangu ulifanya wenyewe kwa mazoea. Halafu nikalifunika kopo kwa gunia, wageni wasije wakaliona.

Salim akapaka rangi. Buluu chini, njano juu. Na kwa kuwa nafasi ilibaki, akaandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI WAGENI.

Alhamisi wakaja. Watathmini watatu, na mkubwa wao ni Bi Rukia, mama wa makamo, Mswahili wa Mombasa hasa, buibui limenyooka, miwani kwenye mnyororo. Tulikuwa tumejipanga mstari. Muthoni alishuka garini akitabasamu, akaliona boya, na tabasamu likamtoka usoni. Mimi nilidhani amezidiwa na uzuri.

Bi Rukia akasogea. Alilizunguka boya mara tatu. Akaweka mkono, na rangi ya njano ikamshika kiganjani, maana ilikuwa haijakauka. Akajifuta kwa kitambaa.

"Mumenipambia bibi arusi," akasema polepole, "na mimi sikuja kuposa. Nimekuja kuuliza kilimuuma nini."

Akatufafanulia bila kupandisha sauti. Hesabu zilionyesha nguvu imeshuka. Fedha za awamu ya kwanza zilitolewa ili tujue ni kwa nini mashine kama hii huchoka, na jibu lilikuwa juu ya lile boya, kwenye uchafu wake na majeraha yake. Sisi tumelikwangua. Kama sababu haijulikani, awamu ya pili itajenga mashine nyingine ya kuchoka vilevile, na hilo yeye hawezi kulitilia sahihi.

Ndipo nilipoyakumbuka mahamri yangu. Wanangu, nilitaka ardhi inimeze. Unga tulipewa tuunguze, tukaunguza, halafu tukaficha yaliyoungua! Nilijua pia maana yake. Boya litakatwa vyuma chakavu. Muthoni atarudi kwao na kompyuta yake. Na mimi nitastaafu bila kuona kile nilichokitamani kuliko kitu chochote katika kazi yangu, chuma nilichokiunga mimi kikifanya kazi baharini mwaka hadi mwaka.

Muthoni akanigeukia. "Mama, hizo makombe mlizitoa, mkazipeleka wapi?"

"Gunia moja liko kwa kuku," nikasema.

"Kwa kuku?"

"Kuku wangu. Utange."

Mtathmini mmoja kijana akageuza uso ili asicheke. Bi Rukia ndiye hakugeuza. "Na yaliyosalia?"

"Gunia la pili liko hapo barazani. Nilikuwa nivuke nalo leo."

Likaletwa. Akatia mkono ndani, yule mama na mikono yake ya heshima, akatoa makombe kiganjani, akayapima kwa macho, akauliza yalishika wapi zaidi. Salim, ambaye alikwangua kila inchi, akaamka kama mtu aliyemwagiwa maji, akaanza kueleza: chini ya tumbo ndiyo mengi, kwenye mnyororo ndiyo makubwa, pale palipopakwa rangi ya shaba kwa majaribio hapakuwa na hata moja. Bi Rukia akaandika yote. Kisha akavua miwani.

"Haya, makombe nimeyasikia. Yaongeza uzito, yapunguza mwendo. Lakini hayatoshi kuishusha nguvu kiasi hiki. Na chuma je? Chuma hakikuwa na kitu?"

Salim akaangalia viatu vyake. Alijua, lakini asingenitaja hata kwa bakora. Muthoni hakujua. Niliyejua kwa hakika ni mimi, na mshono mpya ulikuwa laini chini ya rangi, hakuna jicho ambalo lingeuona. Miaka yangu yote sikuwahi kurudishiwa kazi. Watu walikuwa wakivuka kutoka Kisauni kunitafuta mimi kwa jina. Bado muda mfupi nistaafu, nikafikiri, niondoke na jina langu safi. Nikasimama na fikira hiyo kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka.

Kisha nikaona sahani ya wali mtupu.

Nikaenda kwenye rafu, nikaondoa gunia, nikalibeba kopo mpaka kwenye meza, nikalimwaga. Kelele yake ilijaza karakana. Bi Rukia akainama, akachambua vipande kwa kidole, akakitoa kile chenye ufa, akasoma kitambaa.

"Kadzo ndiye nani?"

"Ndiye mimi, Bi Rukia. Huo ni mshono wangu. Ulipasuka nami nikaukata jana nikaficha." Na nikamweleza yote, mvua, tanuri lililokufa, vijiti juu ya bati kama mihogo.

Alivuta kreti la soda akakaa. Mama yule akakaa juu ya kreti, akakigeuza kipande juani, akakigeuza tena, na macho yake yakawa kama ya mtoto wa sikukuu. Akaniuliza vijiti vilikaa nje siku ngapi. Akauliza ufa ulianzia upande gani. Akavitaka na vipande vingine, vya mageti, vya ngazi, na kila kimoja kilikuwa na jina na kisa. Chai ikapoa. Muthoni alikuwa anaandika mbio huku analia na kucheka.

"Mie nimezunguka karakana nyingi," akasema Bi Rukia. "Kote waniletea picha za vilivyofanya kazi. Hakuna alonionyesha kilichovunjika kina jina la mwenyewe. Hiki ndicho nilichotumwa."

Barua ilipokuja, Muthoni aliisoma akiwa amesimama juu ya benchi. Awamu ya pili imekubaliwa! Salim alinirusha juu, na mimi si mwepesi. Kitu cha kwanza kilichonunuliwa kilikuwa tanuri la kukaushia vijiti, hilo hilo mnaloliegemea mkila chapati. Mkono wa boya ukachorwa upya, sasa unafungwa kwa maboli ili ukichoka ubadilishwe baharini bila kuvuta boya zima. Rangi ya shaba ikapakwa kila mahali, na Salim akakatazwa kuandika chochote.

Kusi iliyofuata ilikuwa kali. Nilikuwa nikiamka naenda kazini na moyo mkononi, natazama mstari wa Muthoni kabla sijasalimia mtu. Haukushuka. Wiki baada ya wiki haukushuka! Na siku ambayo sitaisahau ni ile waliyokuja akina mama wauza samaki wenyewe, hawakuitwa na mtu, wakauliza kama tunaweza kuwajengea boya la pili, walipie kwa chama chao. Bi Rukia aliposikia alicheka kwenye simu mpaka nikamsikia anakohoa. Mfuko ulikuwa umeanza kutohitajika, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Siku hiyo walinipa jiwe la barafu. Niling'ang'ania kulishika mikononi, barafu iliyotengenezwa na mawimbi yaleyale yaliyonipulizia usoni, mpaka viganja vikauma na maji yakanitiririka viwikoni. Waliniambia niliweke chini. Sikuliweka.

Bi Rukia aliniomba kipande changu akakionyeshe karakana nyingine, na akaniuliza kwa adabu kama aondoe kitambaa. Nikakataa. Kilizunguka na jina langu mji baada ya mji, kisha kikarudi, na sasa kiko juu kabisa ya kopo. Kifungueni kitambaa, mkitazame ule ufa kwa mwanga mzuri.

Desemba nitavuka feri, na pilau nitapika mimi. Sitauliza mmeunga maboya mangapi yaliyosimama. Nitalimwaga kopo mezani, nitasoma majina, na asiye na kipande chake mle ndani nitampakulia wali mtupu.